Somo: Kurudi Chuoni Baada ya Maradhi ya Akili



Somo letu la leo lahusu jambo ambalo watu wa Kitale na Bungoma hulijua, lakini hulinong'ona tu. Nalo ni hali ya kijana aliyekuwa katika chuo cha elimu ya juu, akapatwa na maradhi ya akili, akaacha masomo miaka miwili au mitatu au zaidi, kisha akapata nafuu, na sasa anataka kurudi. Je, mlango umekwisha fungwa? Jawabu letu ni kuwa mara nyingi si maradhi yaliyoufunga. Umefungwa na sisi jamaa zake kwa kuyaficha. Na hilo ndilo twataka kulibainisha.

Kwanza yapasa kujua kuwa maradhi haya hayawapati vijana wa vyuoni kwa sababu ya kusoma sana, wala kwa laana ya wazee. Wataalamu wamebainisha kuwa yapata robo tatu ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 24. Basi umri wa chuo ndio umri wa hatari. Na wako wasemao kuwa kila aliyechanganyikiwa ameingiwa na jini, wakampeleka kwa mganga, wakatoa mbuzi na fedha, na miezi ikapita. Kusoma Kurani na kumwombea mgonjwa ni kheri, lakini si badala ya dawa, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kujitibu. Waislamu wa kale walilifahamu hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi pamoja, na hospitali ya Mansuri iliyojengwa Cairo mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa kuwatibu wagonjwa wa akili. 

Pili, tutazame mifano ya watu waliokatikiwa na masomo, kisha wakarudi.

Imamu Ghazali aliwekwa kuwa mwalimu wa Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 1091. Mwaka 1095 alishikwa na dhiki kubwa ya nafsi kwa muda wa karibu miezi sita. Ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakimpiti. Matabibu wakakata tamaa ya kumpa dawa, wakasema kuwa asili ya jambo iko moyoni. Hatusemi kuwa maradhi yake yalikuwa na jina hili au lile, kwani hatukuwako. Twasema tu yale aliyoyaeleza mwenyewe. Akaliacha darasa lake, akaenda Sham, na Kudsi, na Makka, kisha akarejea kwao Tus. Akarudi kusomesha mwaka 1106, huko Nishapur, baada ya miaka kumi na moja. Na katika miaka hiyo ya kutengana na madrasa ndipo alipoandika Ihya. Basi nani awezaye kusema kuwa miaka ile ilipotea?

Na katika zama zetu yuko Elyn Saks, mwanamke wa Marekani. Alipoanza kusoma sheria katika chuo cha Yale alilazwa hospitali kwa maradhi ya skizofrenia, akalazimika kuacha masomo. Alirudi, akahitimu mwaka 1986, akawa profesa wa sheria, na mwaka 2007 akatoa kitabu kuueleza ugonjwa wake wazi. Angalia tofauti ya wawili hawa. Huyu wa pili hakungoja apone kabisa ndipo arudi. Alirudi hali angali mgonjwa, na matibabu yakaendelea naye. Basi kupona kabisa si sharti la kusoma. Sharti ni maradhi kupata mwangalizi.

Tatu, tueleze jinsi kuficha kunavyofunga mlango. Tuseme kijana wa Kitale anasoma Chuo Kikuu cha Kibabii, karibu na mji wa Bungoma. Muhula wa pili akawa halali usiku, na husikia sauti asizozisikia wenzake. Baba yake akaja kumchukua kimya kimya. Majirani wakiuliza huambiwa kuwa yuko Nairobi, amepata kazi. Chuo hakikuandikiwa hata mstari mmoja, kwani baba aliona haya. Katika daftari la chuo, basi, kijana huyu si mgonjwa. Ni mtoro. Mitihani yote imeandikwa kuwa hakuhudhuria. Baada ya miaka mitatu amepata nafuu, akaja na mkoba wake mkononi, akaambiwa jina limefutwa. Je, ni nani aliyemfukuza? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Na huyu kilio chake ni mtoto aliyesimama mlangoni.

Lau ingaliandikwa barua pamoja na cheti cha daktari, hali ingalikuwa nyingine, kwani vyuo vikuu vya Kenya vina kanuni za kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa. Na sheria iko upande wa mgonjwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa hali ya afya yake. Na kifungu cha 54 chawapa watu wenye ulemavu haki ya kuingia katika vyuo pamoja na wenzao, na ulemavu huo wahesabiwa pia ule wa akili.

Nne, yanayompasa anayerudi na jamaa zake ni haya:

1. Aandike kwa msajili wa chuo kabla muhula haujaanza, aambatishe cheti cha daktari, na abaki na nakala. Ikiwa ana mkopo, aiarifu pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Hata aliyefutwa jina aandike kuomba arudishwe, wala asijihukumu mwenyewe kabla hajajibiwa.

2. Asiache dawa kwa kuwa ameona nafuu. Nafuu hiyo huenda ndiyo kazi ya dawa. Akitaka kupunguza, amwulize daktari. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, ina idara ya maradhi haya, na haiko mbali na Kitale.

3. Aulize kama aweza kuanza kwa masomo machache, na aulinde usingizi wake kama alindavyo fedha. Aweza pia kuchagua chuo kilicho karibu na nyumbani. Kibabii ni chuo kikuu kamili tangu mwaka 2015, na chuo cha ufundi cha Kitale kilipandishwa kuwa cha taifa mwaka 2016. Si lazima aende mbali peke yake.

4. Awe na mtu mmoja chuoni aijuaye hali yake, mwalimu au rafiki mwaminifu, ili dalili zikirudi zionekane mapema.

Na sisi majirani tuache kulitumia jina la Mathari kuwa tusi. Hospitali ile yatibu watu tangu mwaka 1910, na aliyetoka humo hana aibu kuliko aliyetoka hospitali ya malaria. Kijana akikaa darasani na wadogo wake, asiulizwe kwa dhihaka, "Ulikuwa wapi?" Alikuwa mgonjwa, naye amerudi. Yatosha.

Maswali ya darasa:

1. Kuna tofauti gani kati ya mgonjwa na mtoro katika daftari la chuo, na ni nani aiwekaye tofauti hiyo?

2. Kwa nini mtu asiache dawa aonapo nafuu?

3. Katika mtaa wetu yuko kijana gani asiyetajwa, na ni nani kati yetu atakayekwenda kumjulia hali wiki hii?

Wa billahi taufiki.