Usingoje Kumaliza Kitabu

Wasomaji wengi hungoja mpaka wafunge kitabu ndipo waanze kukiongelea. Kwetu, mashariki mwa Kongo, hilo halifai. Kitabu kilichomalizwa Butembo leo, kesho kinapanda pikipiki kwenda Beni, kilomita hamsini na kitu, na anayekingoja huko hataki kusikia mwisho wake. Ongea ukiwa bado katikati.

Mimi huwaambia wenzangu tunaopokezana vitabu nimefika wapi na nani ananikera humo. Sasa nasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Nilituma ujumbe wa sauti: "Wandugu, baba ana deni, basi mtoto wake Yusuf anachukuliwa na tajiri. Mtoto mwenyewe anadhani anasafiri na mjomba. Ninyi wenye maduka, mnasemaje?" Nilijua nachokoza. Butembo ni mji wa biashara. Mali inatoka Dubai na China, na mikopo mingi inasimama juu ya neno la mdomo. Jioni hiyo simu haikunyamaza. Mama mmoja muuza vitenge, ambaye siku zote alisema riwaya ni mambo ya wanafunzi, aliomba zamu ya kukisoma.

Kitabu cha Kifaransa kisimulie kwa Kiswahili, tena kile cha sokoni. Entre les eaux ya V. Y. Mudimbe, ya mwaka 1973, inawatisha watu kwa Kifaransa chake kizito. Sema tu kuna padri, Pierre Landu, ameingia porini na waasi, uone kama kuna atakayebaki bila neno. Ila angalia nani anasikiliza. Beni imezika watu wengi mno tangu mauaji ya Oktoba 2014, na ukurasa wenye damu hautumwi bila kuuliza kwanza. Kuna rafiki yangu wa Oicha ambaye sijawahi kumsomea sura za vita, na tunaongea vitabu vizuri tu.

Ujumbe wa sauti tuliuzoea wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, tulipoacha kupeana mikono na hata kitabu kilichotoka kwa mwingine kikatutia wasiwasi. Ukimsomea mtu hivyo, ukurasa mmoja unatosha. Mega za intaneti ni pesa. Soma polepole, na ukifika penye utamu, kata hapohapo.

Usitoe alama. Tunaye mwalimu anayehukumu kila kitabu juu ya kumi: saba, tano, nane. Baada ya hapo tutajibu nini?

Kitabu chenyewe kivalishe karatasi ya kalenda ya zamani, kisha nailoni, maana mvua za huku hazibishi hodi. Andika ndani ya jalada la nyuma majina ya wanaofuata, kwa zamu, ili asiwepo wa kudai aliahidiwa kwanza. Mpe motari, dereva wa pikipiki, unayemfahamu, si yule wa kwanza aliyesimama, na umpigie mpokeaji kabla pikipiki haijaondoka. Barabara ikiwa na habari mbaya, usimsukume mtu kwenda kwa ajili ya riwaya. Kitabu kibaki Butembo, na wa Beni asomewe sura yake kwa simu usiku, bei ya mega inaposhuka.