Muziki masikioni unapokimbia: Jihadhari usije ukapoteza usikivu

Siku hizi si ajabu kumwona mtu akikimbia alfajiri katika Barabara ya Ngong au ndani ya Msitu wa Karura, vipokea sauti vidogo visivyo na waya vikiwa vimezama masikioni. Kukimbia ni zoezi zuri kwa moyo, mapafu na uzani wa mwili. Je, muziki nao unafaa?

Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Wataalamu wa saikolojia ya michezo, akiwemo Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, wamechunguza suala hili kwa miaka mingi. Wamegundua kwamba muziki humfanya mtu ahisi uchovu kidogo kuliko alio nao hasa, na hivyo akaendelea na zoezi kwa muda mrefu zaidi. Nyimbo zenye mapigo kati ya 120 na 140 kwa dakika ndizo huwafaa wengi wanaokimbia kwa mwendo wa wastani. Hata hivyo, ukikimbia kwa kasi sana, faida hiyo hupungua, kwa kuwa mwili unaotaabika huvuta fikira zako zote.

Usisahau pia kwamba uchovu ni onyo la mwili. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, simama mara moja, hata kama wimbo haujaisha.

Hatari ya kwanza: Masikio

Ndani kabisa ya sikio mna sehemu iliyojikunja kama kombe la konokono. Humo mna chembechembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno, na kazi yake ni kugeuza mitikisiko ya sauti kuwa ujumbe unaopelekwa kwenye ubongo. Kelele nyingi huzichosha, na zikizidi huziua. Chembechembe hizi zikishakufa, hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujidhuru. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa 4 tu kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 pekee.

Hebu tufanye hesabu. Ukikimbia saa moja kila siku, siku tano kwa wiki, huku muziki ukiwa desibeli 90, umesikiliza kwa saa 5. Tayari umepita kipimo, na hujahesabu muziki wa matatu unaokupeleka kazini. Ukipunguza hadi desibeli 80, saa hizo 5 ni sehemu ndogo tu ya zile 40.

Tatizo ni kwamba kando ya barabara yenye magari mengi, mkimbiaji huongeza sauti ili ashinde ngurumo za malori bila hata kutambua. Kwa hiyo weka kiwango cha sauti kabla ya kutoka nyumbani, kisipite asilimia 60 ya uwezo wa simu yako, na usikiguse tena njiani. Mahali pakiwa na kelele kiasi cha kutosikia wimbo, zima muziki.

Hatari ya pili: Barabara

Masikio ni walinzi wa mgongo wako, kwani macho hayaoni nyuma. Ukiyaziba, hutasikia honi, mbwa wala hatua za mtu anayekunyemelea. Pikipiki za umeme, ambazo zimeongezeka jijini Nairobi, hazina mngurumo mkubwa na ni vigumu kuzisikia hata kwa masikio yaliyo wazi.

Wengine huvaa kifaa kimoja tu. Ni afadhali, lakini si kinga kamili. Ubongo hutumia masikio yote mawili ili kujua sauti inatoka upande gani. Ukiziba moja, utasikia honi lakini huenda usijue uruke wapi.

Fanya hivi:

1. Barabarani, vua vifaa vyote viwili. Visikilize katika uwanja, msituni kwenye njia za watembeaji, au kwenye mashine ya kukimbilia.

2. Pasipo na njia ya miguu, kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari yaje ukiyaona.

3. Vifaa vinavyozuia kelele za nje vitumie ndani ya jumba la mazoezi pekee. Huko vitakusaidia kupunguza sauti.

4. Usikimbie na muziki gizani.

Usafi

Jasho likikwama ndani ya sikio hulainisha ngozi na kurahisisha maambukizi. Baada ya zoezi, vua vifaa, vipanguse kwa kitambaa kikavu na uache masikio yapate hewa. Usichokonoe kwa vijiti vya pamba, kwani husukuma nta ndani zaidi. Tena usiazimane vifaa hivi na mwenzako.

Wakati wa kumwona daktari

Ukimaliza kukimbia na masikio yanavuma, au sauti za watu zinasikika kama zatoka mbali, ujue umeyadhuru. Yapumzishe. Hali hiyo ikidumu zaidi ya siku moja au ikirudi mara kwa mara, nenda ukapimwe. Na sikio likiziba ghafla usiweze kusikia, usingoje kesho: tafuta matibabu siku iyo hiyo, kwani kuchelewa hupunguza uwezekano wa kupona.

Muziki utaufurahia kwa miaka mingi ikiwa utayatunza masikio unayousikilizia.