Makaa yanatuishia kabla ya baridi kwisha

*Tunaishi Lushoto, mimi, mke wangu na watoto watatu. Tangu Juni gunia la makaa la kilo 40 linakwisha kwa siku 20, maana usiku tunaingiza jiko chumbani. Je, tunatumia kupita kiasi? – Baba Watatu*

Ndugu yangu, hesabu unayo tayari: kilo 2 kwa siku. Usichojua ni ngapi za kupikia na ngapi za kuota moto. Kwa wiki moja, pima ya kupikia na ya kuota kando kando. Kilo za kuota zizidishe kwa bei ya kilo, si ya kopo, maana makopo hayalingani. Zidisha tena kwa wiki zilizobaki, hapo utaona baridi itakugharimu kiasi gani hadi Agosti.

Angalia pia gunia linapokaa. Kwa ukungu wa milima yenu ya Usambara makaa hunyonya unyevu, na joto lake la kwanza hupotea kukausha maji. Liinue juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kinachonitia hofu zaidi ya gharama ni hilo jiko la chumbani. Makaa yaliyokolea hayana moshi, ila yanatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Oteni sebuleni, dirisha likiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla ya kulala. Kitandani wekeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa kanga. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, tokeni nje wote, kisha mwende hospitali hata akijisikia nafuu.