Faida ya Kutazama Sinema Pamoja

Picha za sinema hazitembei. Katika ukanda wa filamu kila picha imesimama kimya. Zikipita mbele ya taa picha 24 kwa sekunde moja, sisi huziona zimeungana, tukamwona mtu anakimbia. Hiyo ndiyo siri ya mashine.

Siri ya pili alinifundisha babu yangu, mkulima wa hapa Ugogo. Katika miaka ya 1950 magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini na jenereta, kitambaa cheupe na kipaza sauti. Mkalimani alieleza picha kwa lugha ya wenyeji. Miaka hiyo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alicheza katika sinema iitwayo "Muhogo Mchungu".

Muhula uliopita tuliwaalika wazee kutazama sinema katika maktaba yetu. Babu sasa haoni vizuri. Niliogopa ataona aibu, nikataka kumrudisha nyumbani, akakataa. Jirani yake akawa mkalimani, akimnong'oneza kila jambo kwa Kigogo. Watu walipocheka, naye alicheka, tena kutushinda sote. Njiani akaniambia, "Mjukuu wangu, leo nimeona kwa macho ya watu."

Nikaona haya, maana nilitaka kumnyima furaha hiyo. Katika simu nina picha nyingi, lakini nazitazama peke yangu. Basi, ndugu zangu, siku ya sinema ikifika, njoni na wazee wenu, nanyi mkawe wakalimani wao.