Homa ya Mlimani na Homa ya Bondeni

Wasomaji wetu wengi wa Upare wamepata kuliona jambo hili. Mtu wa Chome au wa Mbaga, mzima wa afya, hushuka tambarare kwenda kulima mpunga au kuuza vitu mnadani. Hukaa huko majuma mawili au matatu, kisha hurudi kwao akitetemeka kwa homa, macho yamegeuka manjano, na pengine hazijui tena habari za mji. Na yule mwenyeji wake wa bondeni, aliyelala naye nyumba moja na kuumwa na mbu wale wale, hana neno. Yu shambani mwake analima. Hapo wazee wa mlimani husema maji ya bondeni ni mabaya, na wazee wa bondeni husema watu wa mlimani ni dhaifu.

Wote wawili wamekosa, walakini kila mmoja ameona kweli kidogo. Kusudi la somo hili ni kueleza kwa nini ugonjwa mmoja, uletwao na kijidudu kimoja, huwa na sura nyingi kwa kadiri ya watu unaowaingia, na jinsi mabwana waganga walivyolijua jambo hili kwa kuhesabu, wala si kwa kukisia. Uchunguzi mmoja mkubwa katika habari hii ulifanyika hapa hapa Pare.

Kwanza yafaa tufahamu kazi ya joto. Mbu jike anapomwuma mwenye malaria hunyonya vijidudu pamoja na damu. Vijidudu hivyo haviwezi kumpata mtu wa pili papo hapo, sharti kwanza vikue ndani ya mbu na kufika kwenye mate yake. Mahali penye joto la digrii 25 kazi hiyo huchukua siku kama 12. Joto likiwa digrii 20 huchukua karibu mwezi mzima, na likishuka chini ya digrii 16 havikui kabisa. Basi mbu wachache mno huishi mwezi mzima. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko karibu mita 690 juu ya bahari, na kilele cha Shengena ni zaidi ya mita 2,400. Msomaji aweza kujikadiria mwenyewe ni mbu wa wapi atakayewahi kuambukiza kabla hajafa.

Mtoto wa bondeni, kwa hiyo, huumwa na mbu wenye vijidudu tangu uchanga wake. Akiugua na kupona, akaugua tena na kupona, mwili wake hujifunza polepole kupigana. Nguvu hiyo haizuii vijidudu kuingia. Humzuia mtu asizidiwe navyo. Bei yake ni kubwa sana, maana wako watoto wasiofika kuipata, nao ndio waliojaza makaburi madogo ya tambarare katika zama zilizopita. Tena si mali ya daima. Mtu akikaa miaka michache mahali pasipo malaria hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ile. Mwanamke mwenye mimba, hasa mimba ya kwanza, hupungukiwa nayo hata kama alizaliwa bondeni, na ndiyo sababu hupewa dawa ya kinga kliniki. Mtu wa mlimani hakupata kuwa nayo hata kidogo. Si mdhaifu, hakufundishwa.

Hata damu yenyewe imebeba habari hii kutoka vizazi vya kale. Mwaka 1954 daktari A. C. Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha ya kuwa mtu aliyerithi alama ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huwa mgonjwa wa selimundu, na hayo ni mateso makubwa. Allison aliona ya kuwa kwa makabila ya pwani na ya kando ya Ziwa Viktoria wenye alama hiyo walizidi 20 katika kila watu 100, bali kwa makabila ya nyanda za juu hawakufika mmoja katika 100.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wa Pare. Mwaka 1950 waganga wa malaria wa nchi nyingi walikutana Kampala, wakashindana kwa maneno juu ya swali moja zito. Dawa mpya za kuua mbu zilikuwa zimepatikana. Wengine walisema, zinyunyizwe mara moja kila mahali. Wengine, na mmoja wao ni Dr. Bagster Wilson, aliyeongoza uchunguzi wa malaria wa Afrika ya Mashariki, waliuliza: Je, tukiwakinga watu na mbu miaka michache, wakaipoteza ile nguvu waliyoinunua kwa vifo vya watoto wao, kisha fedha zikatuishia tukaondoka, hatutakuwa tumewaacha katika hali mbaya kuliko ile tuliyowakuta nayo? Mkutano ulikubali malaria ipigwe vita kwa njia mpya, wala haukungoja. Walakini swali lenyewe halikujibiwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hesabu.

Ndipo mwaka 1954 uchunguzi wa Pare na Taveta ulipoanzishwa, katika tambarare za pande mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, chini ya wataalamu wa taasisi ya Amani. Hawakuanza na dawa. Walianza kwa kupima watu kama walivyokuwa, vijidudu katika damu, ukubwa wa wengu, na wekundu wa damu ya watoto. Tena waliandika waliozaliwa na waliokufa. Halafu, tangu mwaka 1955 mpaka 1959, kuta na mapaa ya nyumba yalinyunyizwa dawa iitwayo dieldrini, na watu wakapimwa tena na tena.

Matokeo yalikuwa mema kuliko wengi walivyotazamia. Vijidudu vilipungua sana katika damu za watoto, damu zao zikapata wekundu, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Malaria haikwisha kabisa, ila ilikuwa ndogo.

Likatokea na jambo la ajabu, nalo lafaa kusomwa na kila mtu apendaye kuhukumu kwa macho. Baada ya kunyunyiza, mbu wa jamii iitwayo funestusi, ambaye hupenda damu ya watu na kulala ndani ya nyumba, alitoweka. Lakini baada ya muda wakaonekana tena mbu wanaofanana naye kabisa, tena wakawa wengi kuliko zamani. Mtu asiye na darubini angesema dawa imeshindwa. Wataalamu walipowatazama vizuri wakaona ni mbu mwingine, ndugu yake aitwaye rivuloramu, ambaye hupenda zaidi damu ya ng'ombe. Adui mmoja alikuwa ameondoka, na jirani asiye na madhara makubwa amekalia kiti chake.

Mwaka 1959 kunyunyiza kukakoma. Hesabu ziliendelea kuchukuliwa mpaka mwaka 1966, na hizo ndizo zilizokuwa na jibu la swali la Kampala. Mbu walirudi polepole, na vijidudu vikarudi pamoja nao. Bali vifo havikupanda tena mpaka kimo chao cha kale. Kwa nini? Hapa mwalimu wa hesabu atazuia kidogo, naye atakuwa na haki. Katika miaka ile ile klorokwini ilikuwa imeenea katika zahanati na madukani, na mambo mengine ya maisha yalikuwa yakibadilika. Mtu akilinganisha watu wa mwaka 1954 na watu wa mwaka 1966 hawezi kusema tofauti yote ni kwa sababu ya jambo moja, maana si watu wale wale katika hali ile ile, ingawa wanaishi kijiji kile kile. Sisi twaona ya kuwa hofu ya Dr. Wilson haikutimia kwa ukali wake, lakini haikuwa hofu ya kipumbavu. Watoto waliozaliwa katika miaka ya dawa walikua bila ile nguvu, kisha ulinzi ukaondolewa. Kama klorokwini isingalikuwapo, huenda habari hii ingalisimuliwa kwa namna nyingine.

Bwawa la Nyumba ya Mungu halikuwapo wakati huo. Lilijengwa katika miaka ya 1960 kuyazuia maji ya mto Pangani, na lilipojaa likawaita watu wa kila namna. Walikuja wavuvi kutoka sehemu nyingi za nchi, wengine kutoka maziwa makubwa. Wapare wa milimani walishuka, na Wamasai wa upande wa Simanjiro huleta mifugo yao kunywa. Watu hawa wote huweza kukaa katika benchi moja la zahanati siku moja, kila mmoja akisema, "Nina homa." Mganga akiwapa wote jibu moja, atawakosea wengi wao.

Jambo hili limehesabiwa pia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki ya Tanzania, ulitazama wagonjwa 4,474 waliozidiwa na kutibiwa kama watu wa malaria. Damu zao zilipotazamwa kwa uangalifu, 2,062 tu walionekana wana vijidudu. Wale 2,412 waliosalia hawakuwa navyo. Na katika wale wenye vijidudu walikufa 142, yaani karibu 7 katika kila 100. Katika wale wasio navyo walikufa 292, yaani 12 katika kila 100. Msomaji na ayatazame maneno hayo mara mbili. Waliokufa zaidi ni wale walioitwa wagonjwa wa malaria wala hawakuwa na malaria, kwa kuwa ugonjwa wao wa kweli ulikuwa mwingine, na wako ambao hawakupata dawa yake.

Hospitali hizo zilionyesha na jambo la pili, ambalo larudi kwenye yule mgeni wetu wa Chome. Mahali penye malaria nyingi, waliozidiwa walikuwa hasa watoto wachanga waliopungukiwa damu. Mahali penye malaria chache walikuwa watoto wakubwa kidogo, na malaria iliwapanda kichwani wakapoteza fahamu. Na mgonjwa aliyelazwa amezidiwa alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa akiwa ametoka mahali penye malaria chache kuliko akitoka mahali penye nyingi. Kwa hiyo uchache wa malaria mlimani si ruhusa ya kungoja kesho; mtoto wa mlimani aliyerudi kutoka tambarare na homa yafaa apelekwe kupimwa siku ile ile.

Uchunguzi mwingine ulifanyika Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, tangu Septemba 2007 mpaka Agosti 2008. Wagonjwa 870 walilazwa kwa homa. Waganga waliwadhania 528 kuwa na malaria. Wenye malaria kweli walikuwa 14. Wako waliokuwa na maradhi ya wanyama. Hao walikuwa 118: homa ya mgunda watu 40, homa za madoadoa ziletwazo hasa na kupe 36, homa ya Q 24, ugonjwa wa kutupa mimba 16, na 2 homa ya tifasi. Tena watu 55 walikuwa na chikungunya, ambayo nayo huletwa na mbu, lakini dawa ya malaria haiiponyi. Ugonjwa wa kutupa mimba mfugaji anaufahamu vizuri katika ng'ombe na mbuzi wake. Lisiloeleweka kwa wengi ni kwamba unywaji wa maziwa mabichi, au kumsaidia mnyama kuzaa kwa mikono mitupu, huuhamisha kwa mwenye zizi.

Hesabu ya Moshi, hata hivyo, ni ya Moshi. Haifai mtu wa pwani, au wa kando ya Ziwa Viktoria, aichukue na kusema malaria ni watu 14 katika 870. Wala hesabu ya tambarare ya Same mwaka 1954 haifai kutumiwa leo juu ya Same.

Ndiyo maana wachunguzi hawaachi kuja vijijini na kuomba tone la damu. Zamani watu wetu waliogopa wakadhani ni mumiani, na hofu hiyo ilizidi pale ambapo hakuna aliyeeleza. Siku hizi kila uchunguzi sharti upate kibali, na kila mtu mzima ana haki ya kukataa, na mzazi ana haki juu ya mtoto wake. Mwenyekiti wa kijiji au mwalimu ajiwapo na wachunguzi, aulize mbele ya watu mnataka kuwapima watu gani na kwa nini hao. Majibu yatarudi kwetu lini. Na kama mnaleta dawa au ulinzi, utadumu miaka mingapi, na mkiondoka tutabaki na nini. Swali hili la mwisho lilibishaniwa Kampala mwaka 1950, nalo lafaa liulizwe pia chini ya mti wa kijiji, na wale watakaopimwa.

Na mgonjwa mwenyewe asiseme "nina malaria" afikapo zahanati. Aseme amekaa wapi katika mwezi uliopita, na kwao ni mlimani au bondeni. Aseme kama anachunga, kama amechinja au kuzalisha mnyama, kama hunywa maziwa yasiyochemshwa, kama ana mimba. Kisha apimwe. Kipimo kikionyesha vijidudu, anywe dawa ya mseto mpaka mwisho, kisipoonyesha, asiende dukani kununua mseto kwa siri, ila amwulize mganga, "Basi, hii ni homa gani?"