Bakteria Waishio Ndani ya Mizizi ya Maharage

Ukipita Ufipa masika yakikaribia kwisha utaona mashamba yamejaa vilima vya udongo ambavyo kwetu huitwa intumba. Majani hufukiwa humo yaoze, na juu yake hupandwa maharage. Msimu ufuatao udongo husambazwa, ukapandwa ulezi. Wakulima husifu majani yaliyooza, nao wana haki. Lakini yumo mfanyakazi mwingine asiyesifiwa.

Ng'oa mharage unaotoa maua, taratibu, usikate mizizi. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa wembe: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi. Humo wamo bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewa na kuupa mmea, nao mmea huwalipa sukari. Mholanzi Beijerinck ndiye aliyewatenga na kuwaotesha peke yao, mwaka 1888.

Je, ni wa aina moja? Zamani wataalamu waliwaita kwa kufuata mmea, na wa maharage wakaitwa Rhizobium phaseoli. Mimi naona ni kama kumwita mpangaji kwa jina la mwenye nyumba. Mwaka 1991 ikatangazwa Rhizobium tropici, na mwaka 1993 Rhizobium etli, zote wakazi wa maharage.

Kumtambua mgeni kuna kazi. Kinundu huoshwa kwa spiriti na dawa ya kung'arishia nguo ili bakteria wa nje wafe, kisha husetwa na kupakwa juu ya chakula kilichogandishwa kwa unga wa mwani. Waliootea hapo hutiwa katika mbegu iliyopandwa kwenye mchanga uliochemshwa. Vinundu vikitoka, jeni zao husomwa na kulinganishwa na za jamaa zao. Jina jipya halikubaliwi mpaka bakteria hao wahifadhiwe katika hazina mbili, za nchi mbili mbalimbali, ili wengine wapate kuhakikisha.

Jambo hili latuhusu. Mama yangu akipata fedha ya mbolea hununua ya mahindi. Maharage hayapati kitu, yanategemea vinundu tu. Tena bakteria hawalingani: Rhizobium tropici huvumilia udongo wenye asidi, wengine hudhoofika.

Muhula huu tuling'oa miharage kumi na miwili katika shamba la shule. Saba ilikuwa na vinundu vyekundu. Mitano, ya upande wa bondeni, ilikuwa na vyeupe, na majani yake yalikuwa ya manjano. Hadubini yetu ilituonyesha bakteria wa pande zote mbili, wakifanana kama pacha.