Hofu ya Usukani: Dereva Mpya na Fadhila ya Nguvu



Kijana mwenzangu, somo la leo linaanzia mahali ambapo pengine hukutegemea: kwenye kiti cha dereva. Wapo vijana wengi waliomaliza mafunzo na leseni wanayo mfukoni, lakini funguo za gari wanaziogopa. Akiambiwa "hebu sogeza gari pale", ghafla anakumbuka ana shughuli nyingine. Namwelewa kabisa. Nilipoanza kujifunza na pikapu ya parokia huku Getanuwas, viganja vyangu vililowa jasho kabla hata gari halijawaka.

Utauliza, hili linahusiana nini na imani? Huku kwetu Hanang na Mbulu, kuendesha gari mara nyingi ni huduma. Mama anashikwa na uchungu usiku, gari lililo karibu ni moja, na hospitali ya Haydom iko mbali. Padre yuko kigango kingine. Nani atashika usukani? Hofu yako ikikushinda, anayeumia ni yule mama. Basi tujifunze pamoja.

1. Hofu yenyewe si dhambi

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba hofu ni mwitikio wa nafsi inapoona baya linakuja na ni vigumu kuliepuka. Gari ni chuma kizito kinachokimbia, na barabara imeshachukua wengi. Watanzania tunakumbuka tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Kwa hiyo anayeogopa kidogo barabarani ana akili timamu. Hofu inamkumbusha kufunga mkanda, kukagua matairi na kutazama vioo.

Shida inaanza hofu inapotoka kuwa mshauri na kuwa bwana. Mshauri anakwambia, "Punguza mwendo, kuna kona." Bwana anakwambia, "Shuka, hutaweza kamwe."

2. Hofu ina ndugu yake

Thoma anasema fadhila ya nguvu, ambayo wengine tunaiita ujasiri, inakaa katikati. Upande mmoja kuna woga uliopitiliza, upande wa pili kuna kutoogopa kitu pale inapopasa kuogopa. Huyu wa pili tunamjua: ana wiki tatu tu barabarani, tayari anaendesha kwa mkono mmoja, simu kwenye mkono mwingine, na amepitia kwenye pombe kwanza. Watu wanamwita jasiri. Kumbe hana ujasiri, ana kiburi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaliweka jambo hili chini ya amri ya tano: anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi ana hatia nzito. Na mwaka 2007 Vatikano ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za madereva. Ya kwanza ni ileile ya Sinai: usiue. Kwa hiyo lengo letu si kuua hofu yote. Tunataka ikae mahali pake.

3. Ujasiri unajengwa kwa kurudia

Mwanafalsafa Aristotle aliona kwamba fadhila tunazipata kama fundi anavyopata ufundi, yaani kwa kutenda. Ukisubiri hofu iishe ndipo uendeshe, utazeeka unasubiri. Anza na hatua unayoiweza, kisha uongeze.

Wiki ya kwanza, tafuta uwanja mtupu. Washa, ondoka, simama, rudi nyuma. Gari likizima, weka gia huru, washa tena, hakuna aliyekufa. Jifunze mguu wako wa kushoto uisikie klachi inapoanza kushika. Wiki inayofuata, barabara ya kijijini asubuhi mapema, kabla ng'ombe na bodaboda hawajajaa. Kisha kilima: vuta breki ya mkono, achia klachi taratibu mpaka gari litake kwenda, kanyaga mafuta kidogo, ndipo uachie breki. Rudia mara 20. Lami ya Babati na Katesh, yenye mabasi na malori, iache mpaka hayo mengine yamekuwa mazoea. Na muda wote huo kaa na dereva mzoefu pembeni, mtu mtulivu. Mwalimu anayefoka anaongeza hofu juu ya hofu.

4. Tazama unakokwenda

Mtume Petro alipotembea juu ya maji, alikwenda vizuri macho yakiwa kwa Bwana. Alipoanza kuangalia upepo, akazama. Usukani nao uko hivyohivyo. Dereva mpya akikazia macho shimo, tairi linaingia shimoni. Akikazia macho lori linalokuja, gari linavutwa kulielekea. Inua macho, tazama mbali kwenye njia unayotaka kupita, na mikono itafuata.

5. Kubali kwenda taratibu

Thoma anasema tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kustahimili, kuliko hata kushambulia. Hapa dereva mpya ana nafasi nzuri ya kukua kiroho! Ukishuka mlima kama Magara, kule kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, shuka na gia ndogo, ileile ambayo ungeipandia. Ukining'inia kwenye breki njia nzima zitapata moto na zitaacha kushika. Nyuma yako atatokea mtu anapiga honi. Mvumilie. Pakipatikana nafasi salama, washa indiketa, kaa pembeni, mpishe. Anayekupigia honi hatakuuguza ukilazwa. Masika nayo, udongo ukilowa, gari linateleza kama sabuni: gia ndogo, mwendo mmoja, usikate kona ghafla wala kukanyaga breki kwa nguvu. Tope likizidi, kuahirisha safari nayo ni busara.

6. Sala na mkanda

Piga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha gari. Omba maombezi ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, tunayemkumbuka tarehe 25 Julai. Lakini rozari kwenye kioo haiwezi kufanya kazi ya tairi lililoisha. Neema haifuti maumbile, inayakamilisha. Mungu anakusaidia ukiwa umefunga mkanda.

Maswali ya kutafakari

Je, hofu yangu barabarani ni mshauri au imekuwa bwana?
Ni hatua gani moja ndogo nitaifanya wiki hii, na nani atakaa nami?
Nikiweza kuendesha, ni nani atakayefaidika zaidi yangu?

Tuombe: Ee Bwana, unajua mikono yangu inavyotetemeka. Nipe hofu inayonilinda na uniondolee ile inayonifunga. Nifikishe salama, na kila niliyembeba umfikishe salama. Na usiku jirani atakapobisha hodi akihitaji msaada, nikutwe tayari. Amina.